Madina Isiyokuwa Madina



Hebu tuanze na jambo lililotokea nyumbani. Siku moja baada ya sala ya Alasiri tulikuwa tumeketi barazani, wazee wawili na mimi, na kijana wa dada yangu, mwenye umri wa miaka kumi na sita, alikuwa chumbani akisikiliza nyimbo katika simu yake. Zilikuwa nyimbo za weusi wa Marekani, zile ziitwazo hip-hop, ambazo mwimbaji haimbi kwa mahadhi bali huyamwaga maneno kwa vina, moja baada ya jingine, na ngoma ikimfuata nyuma. Mlango ulikuwa wazi. Tukasikia jina la Allah. Baada ya punde tukasikia Madina. Mzee wa kwanza akaweka kikombe chake chini akasema, "Alhamdulillahi, hata huko wanautaja mji wa Mtume." Mzee wa pili akakunja uso. "Jina la Mwenyezi Mungu ndani ya ngoma! Mwambieni mtoto azime."

Wakabishana mpaka adhana ya Magharibi. Mmoja alifurahi, mwingine alighadhibika, na wote wawili walikuwa sawa katika jambo moja: hapana aliyeuliza neno lile lina maana gani mdomoni mwa yule aliyelisema. Aliyeimba hakuutaja mji wa Mtume hata kidogo. Madina aliyoikusudia yeye ni Brooklyn, sehemu ya jiji la New York yenye watu zaidi ya milioni mbili, ambao wengi wao ngamia wamemwona katika picha tu.

Namna gani Brooklyn imekuwa Madina? Habari hiyo ni ndefu kidogo, na ina mambo ambayo mzazi wa Kiislamu hana budi kuyajua, kwani nyimbo hizi zimekwisha kuingia katika nyumba zetu, tupende tusipende.

MAANA YA KARIBU NA MAANA YA MBALI

Maneno yenye tabaka mbili si jambo geni kwetu. Wanazuoni wa balagha wameupa ufundi huo jina, nao ni tauria: msemaji hulitumia neno lenye maana mbili, akaikusudia ile ya mbali, na msikilizaji akaishika ile ya karibu. Mfano wanaoupenda walimu ni ule wa safari ya Hijra. Sayyidna Abubakar (r.a.) alikuwa njiani pamoja na Mtume (s.a.w.), na watu waliokutana nao walimjua Abubakar, maana alikuwa mfanya biashara aliyezoeleka katika njia zile, lakini hawakumjua mwenziwe. Walipomuuliza ni nani huyu uliye naye, alijibu kuwa ni mtu anayemwongoza njia. Wao wakadhani ni kiongozi wa misafara. Yeye alikusudia njia ya kheri. Hakusema uwongo, wala hakumfichua Mtume wa Mwenyezi Mungu.

Tumefundishwa na upande wa pili pia. Katika Suratul Baqara, aya ya 104, waumini wamekatazwa kumwambia Mtume neno "raina", wakaamrishwa waseme "undhurna". Katika matumizi ya waumini maneno yote mawili yalikuwa ni ya kumwomba awaangalie na kuwangoja. Walikatazwa lile la kwanza kwa sababu pale Madina walikuwako watu waliolipotoa kwa ndimi zao likawa kebehi, kisha wakijichekea. Angalia, msomaji: sauti ni ile ile, herufi ni zile zile. Kwa huyu ni adabu, kwa yule ni tusi.

Na hapa pwani, nani asiyejua mafumbo? Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka wa 1840, aliyatumia mashairi kama silaha katika ugomvi wa Mazrui na Seyyid Said, na mengi ya aliyoyasema mtu asiyejua siasa za siku zile huyasoma akadhani ni habari za vyombo na mawimbi. Siti binti Saad wa Unguja, aliyevuka hadi Bombay mwaka wa 1928 kutia sauti yake katika santuri, aliimba mambo ya mjini ambayo mgeni husikia mahadhi yake tu na mwenyeji husikia jina la mtu. Na mama zetu? Mwanamke huvaa kanga akapita mbele ya mlango wa jirani, asitamke neno, na ujumbe ukafika kamili. Sisi ndio tungepaswa kuwa wepisi zaidi wa kushuku kwamba neno tulisikialo lina jingine nyuma yake.

MWANACHUONI ALIYEUZWA

Huko Marekani nako fumbo la mtu mweusi lina umri mkubwa, na mmoja wa mwanzo kuliandika alikuwa Mwislamu. Omar ibn Said alizaliwa Futa Toro, katika nchi ambayo leo ni Senegali, karibu na mwaka wa 1770. Alisoma kwa miaka mingi. Mwaka wa 1807 alitekwa, akapelekwa bandari ya Charleston, akauzwa. Alimkimbia bwana wake wa kwanza, akakamatwa, akatiwa gerezani katika jimbo la North Carolina, na huko akaandika ukutani kwa Kiarabu, watu wakaja kumshangaa. Akanunuliwa na jamaa ya watu wakubwa wa jimbo lile, naye alibaki mtumwa mpaka alipofariki mwaka wa 1864.

Mwaka wa 1831 aliombwa aandike habari za maisha yake, akaziandika kwa Kiarabu. Maandishi hayo yamo katika Maktaba ya Kongresi mjini Washington tangu mwaka wa 2017. Kabla ya kusema lolote juu ya nafsi yake, mzee huyu aliandika Suratul Mulk. Ndani ya maandishi yale yale aliwasifu mabwana zake kwa wema wao. Basi wasomaji wazungu, ambao wengi hawakujua Kiarabu, waliziona sifa hizo katika tafsiri wakaridhika. Lakini wewe uliyesoma chuoni waijua sura hiyo yaanza kwa kueleza nini: kwamba ufalme wote umo mkononi mwa Mwenyezi Mungu. Mtu anayemilikiwa na mtu anachagua, katika Qur'ani nzima, sura ya Ufalme kuwa mlango wa kitabu chake. Wako wataalamu waliosema kwamba hayo ndiyo majibu yake kwa waliomnunua. Mimi nakubaliana nao, ingawa yeye mwenyewe hakusema.

Tabia hiyo ya kusema mbele ya bwana neno ambalo bwana halipati haikufa pamoja na Omar. Weusi wa Marekani waliirithishana katika ngano, katika mahubiri, katika utani wa mitaani wa kutupiana maneno, na hatimaye katika ngoma hii ya vijana.

WAWILI WALIOTOKA HEKALU MOJA

Sasa twende Harlem. Mwaka wa 1930 mtu aliyejiita W. D. Fard alitokea mjini Detroit akawafundisha weusi maskini mafundisho aliyoyaita ya Kiislamu, ambayo kwa kweli yalikuwa mbali na Uislamu tuujuao. Alitoweka mwaka wa 1934, na kazi yake ikashikwa na Elijah Muhammad. Yalibaki masomo ya maswali na majibu ambayo mfuasi alitakiwa ayahifadhi moyoni. Katika masomo hayo watu wamegawanywa mafungu matatu. Themanini na tano katika kila mia ni wasiojua, wanaoongozwa kama kondoo. Kumi ni wale wanaojua lakini wanawadanganya wenzao na kula jasho lao. Watano waliobaki ni walimu maskini, wenye haki, wasiokubali uwongo wa wale kumi.

Hekalu Namba 7 la jumuiya hiyo lilikuwa Harlem, na msemaji wake alikuwa Malcolm X. Katika wafuasi wa hapo alikuwako mtu mmoja aliyezaliwa Virginia mwaka wa 1928, askari wa zamani wa vita vya Korea, jina lake Clarence Smith, na hekaluni akaitwa Clarence 13X. Wote wawili waliliacha hekalu lile. Malcolm alitoka mwezi wa Machi 1964, akaenda kuhiji Makka, akaujua Uislamu wa watu wote, weupe kwa weusi. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule alikuwa Dar es Salaam, akaonana na Mwalimu Nyerere. Tarehe 21 Februari 1965 akauawa.

Clarence hakwenda Makka. Alibaki katika vijia vya Harlem akakusanya watoto wa mitaani ambao hapana aliyewataka, akawafundisha yale masomo ya siri ya hekalu, na juu yake akawapa alfabeti na hesabu. Kundi lake likajulikana kwa lile fungu la tatu, yaani Asilimia Tano. Mwaka wa 1965 alikamatwa, akapelekwa hospitali ya serikali ya wagonjwa wa akili, akakaa mpaka 1967. Alipotoka, watu wa meya wa jiji, John Lindsay, waliona kwamba anasikilizwa na vijana kuliko polisi, wakasaidia ifunguliwe shule ya mtaani kwa ajili ya vijana wake. Tarehe 13 Juni 1969 aliuawa kwa risasi huko huko Harlem.

Mmoja alikwenda Makka. Mwingine na vijana wake waliiita Harlem ndiyo Makka, na Brooklyn ikawa Madina. Queens waliiita Jangwa, na jimbo la jirani la New Jersey likawa Jerusalem Mpya. Kwa mtoto ambaye hajapata kuvuka mto kwenda upande wa pili wa jiji lake, hiyo ilikuwa ramani ya ulimwengu mzima.

HERUFI NA TARAKIMU

Hapa ndipo pana ufunguo wenyewe wa mafumbo, kwa hiyo tusipite haraka.

Wazee wetu walikuwa na hesabu ya abjadi, ambayo kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake, alifu moja, be mbili, na kuendelea. Ndiyo maana barua nyingi za zamani utakuta zimeandikwa juu kabisa 786, yaani jumla ya herufi za Bismillahi Rahmani Rahimi. Wale vijana wa Harlem nao wana kitu kinachofanana na hicho kwa sura. Tarakimu ya 1 kwao ni ujuzi, 2 ni hekima, 3 ni fahamu, na kuendelea hadi 7, ambayo ni Mungu, na 9, ambayo ni kuzaliwa. Sifuri wanaiita duara. Alfabeti ya Kiingereza nayo kila herufi ina neno lake. Kwa hiyo kijana akitaja katika wimbo tarehe ya siku, au namba ya nyumba, huenda ametamka sentensi nzima ya mafundisho, na msikilizaji wa nje akadhani ametaja namba tu.

Chukua herufi G, ambayo weusi wa mijini huitana nayo kama sisi tusemavyo "bwana" au "ndugu". Watu wengi, na khususan askari polisi, wakiisikia hudhani ni ufupisho wa neno la Kiingereza la jambazi. Wako wanaoikusudia hivyo. Lakini kwa wafuasi wa Clarence G ni herufi ya saba, na saba ni Mungu. Anapomwita mwenziwe hivyo anamwita mungu.

Naam, umesikia sawasawa. Katika mafundisho yao mtu mweusi mwanamume ndiye mungu, mwanamke ni ardhi, na watoto ni nyota. Jina la Allah, likiandikwa kwa herufi za Kiingereza, wamelikata vipande vitano: mkono, mguu, mguu, mkono, kichwa. Yaani mwili wa mwanadamu. Na neno Uislamu, kwa Kiingereza lina herufi tano vile vile, wamelifanya sentensi yenye maana ya kwamba mimi nafsi yangu ni bwana na mtawala. Kwetu sisi hiyo ni shirki, na hapana haja ya kuzunguka mbuyu. Wenyewe kwa insafu yao husema waziwazi kwamba wao si Waislamu. Basi mzee wa kwanza pale barazani alishukuru kwa jambo ambalo wenyewe hawalidai.

Lakini tusiwe wepisi wa kucheka. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba isiyo na baba, katika nchi iliyomwambia kwa miaka mia tatu na zaidi kwamba yeye ni bidhaa, ameambiwa kwamba yeye ni mwili mtukufu, na kwamba ni lazima ajue hesabu, ajue herufi, asile nguruwe, asiwe miongoni mwa wale themanini na tano wanaoburutwa. Dawa hiyo ina sumu ndani yake, hilo hatulifichi. Maradhi yalikuwa ya kweli.

NAMNA YALIVYOINGIA KATIKA NYIMBO

Ngoma ya hip-hop husemwa ilizaliwa tarehe 11 Agosti 1973, katika karamu ya vijana iliyofanywa kwenye jengo moja la mtaa wa Bronx, mpiga santuri akiwa kijana mzaliwa wa Jamaika aliyejulikana kwa jina la Kool Herc. Karamu hizo zilikuwa katika mitaa ile ile waliyokuwamo vijana wa Asilimia Tano. Maneno yao yakapita kutoka pembe za njia mpaka katika kipaza sauti.

Aliyeyafikisha mbali ni Rakim, aliyezaliwa 1968, ambaye alijiunga na kundi hilo angali kijana akajiita Rakim Allah. Albamu yake ya kwanza pamoja na mwenziwe Eric B. ilitoka mwaka wa 1987. Kabla yake waimbaji wengi walikuwa wakijisifu kwa vina vyepesi vya mwisho wa mstari. Rakim aliweka vina katikati ya mstari, akapanga fikira juu ya fikira, na mafundisho yake akayatia humo kama mtu atiavyo iliki katika chai, huioni ila ladha yake imo. Mwaka wa 1990 likatokea kundi la New Jersey lililojiita Poor Righteous Teachers, na sasa wewe msomaji wajua jina hilo limetoka wapi: ni wale walimu maskini wenye haki wa fungu la tatu. Mwaka huo huo wakatoka Brand Nubian. Mwaka wa 1993 likaja kundi la watu tisa kutoka Staten Island, Wu-Tang Clan, ambao juu ya mafundisho ya Harlem waliongeza mambo ya filamu za Kichina za mapigano, kisiwa chao wakakiita Shaolin. Kiongozi wao anaitwa RZA. Hilo si neno, ni herufi tatu, kila moja na maana yake katika ile alfabeti.

Basi mtu asiyejua Harlem husikiliza wimbo wa Wu-Tang akaona ni fujo tupu, Wachina wamechanganyika na Waarabu. Anayejua huona kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi tatu.

Yapo mengine yaliyoenea hata kwa wasiojua asili yake. Kwa Kiingereza, neno la jua na neno la mwana wa kiume hutamkwa sauti moja. Mzee wa New York akimsikia kijana anamwita rafiki yake hivyo hudhani amemwita mwanangu. Katika mafundisho yale mwanamume hufananishwa na jua linaloangaza ardhi. Yapo maneno ya kiapo, ambayo maana yake ni kwamba neno langu ni dhamana, yaliyotoka katika masomo ya hekalu, na leo husemwa na watoto wa kila rangi kama sisi tusemavyo wallahi, na pengine kwa uzito mdogo zaidi.

Lakini lililonistaajabisha kuliko yote ni lile duara. Vijana wakisimama mduara, kila mmoja akatunga papo kwa papo kwa zamu yake, mkusanyiko huo huuita "cipher". Wamelichukua kutoka tarakimu ya sifuri ya hesabu zao, kwa kuwa sifuri ni duara kamili. Neno hilo la Kiingereza lilifika Ulaya kutoka Kiarabu, sifr, yaani kitu kitupu. Na Kiarabu hicho hicho ndicho kilichotupa sisi sifuri yetu. Kijana wa Bronx na mtoto wa Mvita anayejifunza hesabu darasani wametamka neno moja, kila mmoja kalipokea kwa njia yake, na hapana hata mmoja anayemjua mwenziwe.

SI WOTE WALIO HIVYO

Mzee wa pili naye asidhani ameshinda. Katika nyimbo hizo hizo wamo Waislamu khasa, wenye kuswali. Mwimbaji wa Brooklyn aliyejulikana kwa jina la Mos Def, na ambaye baadaye alijiita Yasiin Bey, aliifungua santuri yake ya mwaka wa 1999 kwa Bismillahi kamili, kwa Kiarabu. Yeye ni mtoto wa Madina ile ya pili, na akitaja jina la Mwenyezi Mungu analikusudia kama ulikusudiavyo wewe. Katika kundi la A Tribe Called Quest alikuwamo Ali Shaheed Muhammad, Mwislamu, na mwenziwe Q-Tip akasilimu katika miaka ya tisini. Itakumbukwa kwamba alipofariki Elijah Muhammad mwaka wa 1975, mwanawe Warith Deen Mohammed aliwaongoza wafuasi wengi sana kuingia katika Uislamu wa Sunna, na watoto wa jamaa hizo baadhi yao wakawa watunzi.

Kwa hiyo neno moja, mtaa mmoja, na vinywa viwili. Huwezi kuhukumu kwa sikio peke yake. Yabidi uulize ni nani aliyesema, amelelewa na nani, mtaani kwake neno hilo lina maana gani, na je, ukilichukua kwa maana ya mbali sentensi yake inasimama au inaanguka? Suratul Hujurat imetufundisha kuchunguza habari tuletewayo kabla ya kuwadhuru watu bila ya kujua. Nami naona wimbo nao ni habari.

Na madhara ya kutochunguza yapo, si maneno ya barazani tu. Katika jimbo la South Carolina, mwaka wa 1995, wafungwa wa Asilimia Tano walitengwa na wenzao kwa kuhesabiwa kuwa ni genge, na mahakama ya rufani ikawaunga mkono wakuu wa magereza mwaka wa 1999. Huko New York magereza yalipiga marufuku maandishi yao, yale ya herufi na tarakimu, kwa kuyadhania kuwa ni alama za majambazi. Mfungwa mmoja akashitaki, na mwaka wa 2003 hakimu wa mahakama ya shirikisho akaamua kwamba imani yake inastahili kulindwa na sheria kama imani nyingine. Nasi, ambao imani hiyo hatuikubali, twaweza kuuona uadilifu wa hukumu ile.

Hata nje ya kundi hilo, waendesha mashitaka wa Marekani wamezoea kuyaleta mashairi ya vijana mahakamani yawe ushahidi, kana kwamba kila mtunzi akisema "nimeua" basi kuna maiti mahali. Mwaka wa 2022 jimbo la California lilitunga sheria ya kuwazuia mahakimu wasiyapokee maneno ya nyimbo bila ya kuyapima kwanza. Fikiri kama Muyaka angesomewa mashairi yake mbele ya kadhi asiyejua Kiswahili, kila neno kwa maana yake ya karibu.

Sasa turudi barazani. Usiku ule, baada ya Isha, nilimwita yule kijana akaketi nasi mkekani, nikamweleza niliyoyaeleza hapa, kwa ufupi. Alisikiliza. Hakuona haya, wala hakukasirika. Kisha naye akatufundisha sisi. Alitueleza kwamba hata Dar es Salaam kuitwa Bongo ni fumbo, limetoka katika ubongo, kwa kuwa asiyeutumia hapati riziki mjini, na fumbo hilo likageuka jina la muziki mzima wa nchi. Akatueleza habari za wimbo wa Professor Jay wa mwaka wa 2001, uitwao Ndio Mzee, ambao mwanasiasa anaahidi maajabu na watu wanamwitikia ndiyo. Mzee wa pili, aliyetaka simu izimwe, akacheka mpaka akafuta machozi. Alikuwa diwani zamani.

Nikamwambia kijana alete karatasi na kalamu. "Liandike jina la Mwenyezi Mungu kama ulivyofundishwa chuoni," nikasema, "kisha uhesabu herufi."

Akaandika, kutoka kulia kwenda kushoto, kwa mkono mzuri. "Alifu, lamu, lamu, he. Nne, mjomba."

"Na viungo vyao ni vingapi?"

"Vitano."

Akaikazia macho karatasi. Akahesabu tena kwa ncha ya kalamu. Kisha akaniuliza kama yule mtu wa Harlem alijua Kiarabu. Nikamwambia alizaliwa Virginia, na masomo aliyoyahifadhi hekaluni yaliandikwa kwa Kiingereza.

"Kwa hiyo mkono mmoja umetoka katika Kiingereza," akasema.

Mzee wa kwanza, aliyekuwa kimya tangu tuanze, akataka kujua kama katika nyimbo zote zile alizonazo imo hata moja iliyoitaja Madina yenyewe, mji wa Mtume. Kijana akasema hajui, lakini atazisikiliza upya.

Juzi alikuja na majina mawili. La kwanza tumekwisha kulibishania.